Kihamba cha Mama Kwenye Fomu ya Bajeti

Sehemu ya Sita

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, afadhali nijitambulishe mwenyewe kabla majirani hawajanitambulisha. Naitwa Elisaria. Ni mtendaji wa kijiji cha Uroweni, huku juu Old Moshi, na ndiye mtu aliyegawa kihamba cha mama yake mzazi, mama akiwa hai, mzima, anakunywa chai.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua ilivyokuwa. Kijiji chetu hakina zahanati. Mara mbili serikali ilitutengea fedha za kujenga, na mara mbili fedha zilirudi Hazina kwa sababu ile ile: kiwanja hakuna. Huku mlimani ardhi yote ni vihamba, mashamba ya ukoo. Migomba ya huyu inaanzia ilipoishia ya yule, katikati umepandwa mstari wa masale, na chini ya migomba wamelala mababu. Anayetaka eneo la wazi ashuke akalitafute tambarare.

Mwaka wa tatu fomu ya bajeti ilipokuja, iliuliza kama kijiji kina ardhi. Nikaandika ndiyo. Swali lililofuata liliuliza ardhi iko wapi. Nikaandika: kihamba cha marehemu Mzee Filemon, upande wa juu wa mfereji, nusu ekari, imetolewa na familia kwa hiari. Mzee Filemon ni baba yangu. Familia, kwa siku ile, ilikuwa mimi na kalamu.

Mchagga mwenzangu atanielewa, hata kama hatanihurumia. Kwetu nyumba ya wazazi na kihamba chake humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Wa mwisho ni mimi. Tangu nikiwa darasa la pili wageni walikuwa wakinishika kichwa na kusema, huyu ndiye mwenye nyumba. Basi nikatoa kitu changu kabla hakijawa changu, na ningezaliwa kabila jingine huenda kosa hilo lisingenijia akilini.

Wiki iliyopita niliishia pale fedha zilipoingia kweli, na gari la halmashauri likapanda kupima kiwanja bila kunipigia simu. Lilimkuta mama anakatia ng'ombe majani. Akawauliza wanapima nini. Wakamwonyesha jina la mumewe kwenye karatasi.

Tuendelee.

Simu ya Evelyn, afisa mipango wa halmashauri, ilinikuta ofisini nikiandika barua ya utambulisho ya mtu ninayemfahamu tangu utoto.

"Mtendaji, mama yako ametufukuza."

"Amewafukuzaje?"

"Kistaarabu. Ametupatia mkungu wa ndizi, halafu akatuonyesha njia."

Mkungu wa ndizi kwa mama yangu ni dalili mbaya. Akikasirika kidogo hukaripia, akikasirika sana hukupa zawadi.

"Sasa nisikilize," Evelyn akasema. "Leo ni tarehe kumi na tisa. Tarehe thelathini mwaka wa fedha unafungwa. Nataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaosema ardhi imetolewa, na nataka msingi uwe umeanza kuchimbwa. La sivyo fedha inarudi."

"Yote?"

"Fedha ya serikali ikirudi, Mtendaji, hairudi nusu."

"Si tutaomba tena mwakani."

"Ombeni. Ila mimi siwezi kusimama mbele ya mkurugenzi nikatetea kijiji kilichorudisha fedha mara tatu, wakati kuna vijiji vinalia havijapata hata mara moja. Halafu kuna hii fomu yako. Imeandikwa kwa hiari. Nikiulizwa hiari iko wapi nijibu nini?"

"Sema hiari iko njiani."

Akakata simu. Na mimi ningekata.

Nilimweleza mke wangu Gladness mchana ule. Gladness ana mimba ya miezi minane, na kijijini kwetu mimba ya miezi minane ni jambo la kufikiria barabara. Mwaka jana jirani yetu Goodness alishikwa na uchungu, wakamshusha kwa pikipiki kuelekea mjini, akajifungulia kando ya njia kabla hawajafika lami. Goodness alipona. Mtoto tulimzika Jumamosi.

Nikamwambia Gladness, "Unaona, nilifanya kwa ajili yako pia."

"Zahanati haijengwi kwa mwezi mmoja," akasema. "Usinitie mimi kwenye fomu yako. Kata sale uende kwa mama."

Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu kosa zito unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akilipokea, amesamehe, na neno hilo halirudiwi tena. Kulikataa likishafika mkononi hakuna anayethubutu, maana mkosi unahamia kwake. Ndiyo sababu mwenye hasira ambazo hajazimaliza akikuona kwa mbali unakuja na jani, huingia ndani akafunga mlango.

Mama hakufunga mlango. Nilimkuta zizini saa kumi jioni, amekaa kwenye kigoda, na dada yangu Magdalena anakatakata mgomba kwa panga kulisha ng'ombe.

Huyu Magdalena sijamsimulia vya kutosha, na sijasahau kwa bahati mbaya. Ananizidi miaka sita. Alirudi kutoka kwa mumewe Bomang'ombe miaka minne iliyopita, na masanduku mawili na jicho moja limevimba. Mimi, kama mwenye nyumba mtarajiwa, nilimkalisha nikamweleza kwa upole kwamba binti akishaolewa kihamba chake kiko kwa mumewe, kwa hiyo nyumba kubwa asiizoee. Nikamwonyesha stoo ya kahawa, pale ubavuni mwa zizi, akae kwa muda. Muda huo bado unaendelea. Nakumbuka zaidi ule upole wangu, na kila nikiukumbuka naona aibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja kama nani? Mtendaji au mtoto?"

"Mtoto, mama."

"Basi vua hicho kitambulisho shingoni."

Nikavua. Nikapiga goti kwenye majani ya ng'ombe, nikanyoosha jani kwa mikono miwili. Mama alilitazama mpaka magoti yakaanza kulowana. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Mungu amesikia, na Magdalena amesikia."

Nililia kidogo, sitaficha. Tangu fedha zilipoingia nilikuwa kama mtu aliyemeza jiwe. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtendaji hata nikivua kitambulisho, nikafuta macho nikasema, "Basi mama, tarehe ishirini na tano kwenye mkutano utawaambia wananchi kwamba umetoa."

"Nimekusamehe wewe. Kiwanja sijakitaja."

"Lakini si umepokea sale?"

"Sale ni la kosa, Elisaria. Ungekuwa umekuja kuomba ungekuja na pombe ya mbege na wazee wawili."

"Kwa hiyo unakataa?"

"Sikatai, na sitoi. Nitasema mkutanoni mbele ya watu, maana ni mbele ya watu ulikonivua nguo."

Panga la Magdalena lilikuwa likiendelea tu, tap, tap, tap. Hakuinua kichwa. Nilipoinuka kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba sijamsalimia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti ya mtu anayejibu karani.

Nilipofika kwenye mstari wa masale mama akaniita.

"Umekata majani mangapi?"

"Hilo moja, mama."

"Kata na jingine ukae nalo."

Nikadhani anamaanisha kwa ajili ya kaburi la baba, kwa vile ni kihamba chake nilichokiandika. Nikakata, nikalitia mfuko wa ndani wa koti, nikashuka.

Tarehe ishirini na tano akidi ilitimia, jambo ambalo halijatokea Uroweni tangu siku ya kugawa miche ya kahawa. Matangazo yalikuwa yamesomwa kanisani, na aliyekosa kanisa aliyasikia kilabuni. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma kwenye majani. Evelyn alipewa kiti cha plastiki. Diwani alituma salamu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jacob, akafungua kwa sala, kisha akanipa nafasi nisome mapato na matumizi. Nikasoma. Watu walisikiliza kwa heshima ile wanayowapa wagonjwa.

Meku Primus akanyoosha fimbo. Ana miaka themanini na moja na hajawahi kukosa mkutano, hata ule ulioahirishwa.

"Mimi sina swali," akasema. "Nina mshangao. Nikinunua soda, kodi imo. Nikipiga simu, kodi imo. Pikipiki ikinipandisha, kwenye mafuta yake kodi imo. Kahawa yangu kabla sijaiona bei imeshakatwa. Kodi yetu inashuka mlima vizuri sana, haijikwai. Kwa nini ikitakiwa kupanda kurudi inaishiwa pumzi?"

Evelyn akasimama. "Mzee wangu, safari hii imepanda. Imefika. Ipo kwenye akaunti ya kijiji. Imebaki mahali pa kuiweka, na zimebaki siku tano."

"Na isipopata mahali?"

"Inarudi Hazina."

"Inayokosa kiwanja inarudi," Meku Primus akasema, anakaa. "Inayotafunwa mbona hatujasikia ikirudi."

Mzee Jacob akakohoa, akasema ajenda ya tatu ni ardhi ya zahanati, na kwamba kuna mama yetu ana neno.

Mama akainuka. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya, na chini ya kwapa ana mkoba wake wa Biblia. Alipita katikati ya wanawake, akapita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya meza yangu, akanipa mgongo.

"Mimi Aikaeli nimezaa watoto watano," akasema. "Wawili nimewazika wakiwa hawajaota meno. Zahanati naitaka kuliko nyinyi wote mliokaa hapo. Ingekuwa ni kupiga kura ningepiga mbili."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikaanza kuandika muhtasari. Niliandika kabisa, kwa mkono wangu: familia imeridhia.

"Lakini mtu hatoi kisicho chake," mama akaendelea. "Elisaria alitoa kisicho chake, nikamsamehe. Na mimi nikitoa leo nitakuwa nimefanya kama yeye, na sina mtu wa kunisamehe, maana mama yangu amekufa."

Kalamu ikasimama.

"Mama Aikaeli," Evelyn akasema taratibu, "kihamba si chako?"

"Kilikuwa."

Akafungua mkoba wa Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya muhtasari wangu.

"Mtendaji. Soma. Soma kwa sauti kama unavyosoma bajeti."

Nikasoma. Sikuwa na ujanja. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Mimi Aikaeli, mjane wa marehemu Filemon, nikiwa na akili timamu, nimemkabidhi binti yangu Magdalena kihamba changu chote, kuanzia mfereji hadi barabara, pamoja na nyumba iliyomo, kwa sababu ndiye anayeishi nacho na ndiye anayenitunza. Watoto wengine wana mahali pao."

Chini kulikuwa na majina ya mashahidi. Mchungaji. Jacob, mwenyekiti wa kijiji. Tarehe ilikuwa ya Machi, miaka miwili nyuma. Chini ya tarehe kulikuwa na muhuri wa bluu wa mtendaji wa kijiji cha Uroweni, na juu ya muhuri sahihi yenye mkia mrefu ambayo niliibuni mwenyewe nikiwa chuoni ili isighushiwe.

Hapo nikakumbuka. Machi ni mwezi wa makadirio, ofisi inafurika. Mama alikuja akasimama mlangoni kwa foleni kama watu wengine, ana karatasi mkononi. Nikadhani ni ya kikundi cha maziwa. Akaniambia, soma kwanza mwanangu. Nikamjibu, mama, nitaisomaje karatasi yako wewe? Nikagonga. Nilijiona mtoto mwema siku ile. Nilimpa hata kiti.

Nikamgeukia Mzee Jacob. "Mwenyekiti, ulijua?"

"Nilishuhudia."

"Na fomu yangu ya bajeti ulisaini."

"Nilidhani mmeshaelewana na dada yako." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Hati uliigonga mwenyewe, Mtendaji. Mimi ningejuaje kwamba hukuisoma?"

Mabenchi yakaanza kunong'ona. Neno lililokuwa likizunguka ni moja tu, binti, na lilizunguka mpaka likamfikia Meku Primus, naye akalisema wazi.

"Binti? Kihamba?"

"Sheria inamruhusu, mzee wangu," Evelyn akasema. Alikuwa ameshaichukua hati, anaisoma, na kusema kweli alikuwa wa kwanza katika serikali nzima kuisoma. "Na imeshuhudiwa, imegongwa muhuri. Kwa upande wetu halmashauri, mwenye ardhi ni Magdalena. Asipotoa yeye, hakuna zahanati. Iko hivyo."

Mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii nilikuwa nimelila na kijiji kizima, na kijiji kizima kilikuwa kinageuza shingo kuangalia nyuma, kwenye majani, walikokaa wanawake.

Magdalena akasimama. Alikuwa na buti za zizini. Pembeni yake amekaa Goodness, yule jirani, ameinamisha uso.

"Magdalena," Mzee Jacob akasema, "kijiji kinakusikiliza."

"Zahanati siikatai," akasema dada yangu. Hakupaza sauti, ila kulikuwa kimya mpaka ng'ombe wa mbali walisikika. "Nani aikatae? Siku ile njiani Goodness alikuwa ameshika mkono huu hapa. Mtoto nilimfunga mimi kwenye kanga yangu. Kiwanja kile nilishakifikiria zamani, kabla ya fomu ya mtu yeyote."

Evelyn akavuta pumzi. Na mimi nikavuta.

"Ila nimekaa hapa tangu asubuhi nasubiri kusikia mtu akiniomba," akaendelea. "Halmashauri ilikuja kupima, haikuniuliza. Mwenyekiti anajua, hakuniuliza. Mdogo wangu alikuja mpaka zizini, akapiga goti hatua tatu kutoka nilipo, akaomba msamaha kwa mama, akakumbuka kunisalimia wakati anatoka. Miaka minne sasa. Hajawahi kuniuliza hata kama stoo inavuja."

"Inavuja?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza pale.

"Inavuja."

Nikamtazama mama. Mama hakunitazama usoni. Alikuwa anaangalia koti langu, upande wa mfuko wa ndani.

Ndipo nikaelewa lile jani lilikuwa la nani.

Nikalitoa. Lilikuwa limeanza kukunjamana ncha, lakini sale ni mmea mgumu. Nikalifunga fundo mbele ya mkutano mkuu, na vidole vilinisumbua kama ni kamba ya viatu vya mtu mwingine. Nikavua kitambulisho bila kuambiwa. Nikatoka nyuma ya meza, nikapita kwenye mabenchi, nikapita kwenye majani, wanawake wakisogeza miguu. Gladness alikuwa pale, ameshika tumbo. Alinipisha.

Nikafika. Nikapiga goti. Nikanyoosha mikono miwili.

"Dada."

Magdalena akalitazama jani. Alijua, kama alivyojua kila mtu pale, kwamba akiligusa tu limekwisha. Akajifuta viganja kwenye sketi, nikaona vidole vyake vinasogea, nikasikia Evelyn anafungua daftari.

Halafu akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Sijalikataa," akasema, "asije mtu akasema nimelikataa. Nauliza kwanza. Hili ni la kosa lipi, Elisaria? La fomu, au la stoo?"

La fomu nilikuwa nimejiandaa nalo tangu tarehe kumi na tisa, lina hata ajenda yake. La stoo hata Gladness hajui maneno niliyoyasema siku ile, yote, hadi lile la mwisho nililomwambia kuhusu jicho lake, na sasa Gladness alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo.

"Nikilipokea sitauliza tena maisha yangu yote," dada akasema. "Kwa hiyo nataka kujua namaliza nini. Ukisema la fomu, kijiji kipate kiwanja chake leo, na wewe na mimi tutabaki vilevile. Ukisema la stoo, basi liseme lote hapa, kama ulivyolisema kule."

Watu mia tatu walikuwa wananisubiri. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Nikaangalia mikononi mwangu. Jani lilikuwa moja.